Anayetaka Kuunda Vyombo vya Angani Aanzie Wapi Mboko?

Tarehe 20 Aprili 2021, sanduku lenye ukubwa wa betri ya gari lilivuta hewa ya sayari ya Mirihi, likaipasha moto hadi nyuzi 800 za selsiasi, na katika saa moja likatoa gramu 5.4 za oksijeni. Sanduku hilo liliitwa MOXIE, na lilibebwa ndani ya Perseverance, gari la utafiti la Marekani. Kabla ya siku hiyo binadamu alikuwa hajawahi kutengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ya sayari nyingine. Lilipomaliza kazi mwaka 2023, lilikuwa limewashwa mara 16 na kutoa jumla ya gramu 122. Ngozi yake ya nje ilipakwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu hurudisha miale ya joto na kuvikinga vifaa vya jirani.

Dhahabu watu wa Fizi, mashariki mwa Kongo, wanaijua vizuri. Wanajua inavyochimbwa Misisi, inavyooshwa, inavyopimwa kwenye mizani ndogo na inavyoondoka. Koltani na kasiterite za Kivu Kusini wanazijua pia. Sehemu ambayo wengi hawajaiona ni ile ya mwisho wa safari: pale madini ya aina hiyo yanapogeuzwa kuwa chombo cha kupimia, na mtu fulani mwenye jina na mshahara analipwa kwa kukiunda.

Mtu huyo anaweza kuwa mzaliwa wa Mboko, huko huko Fizi. Njia ni ndefu na ina gharama, ila hatua zake zinajulikana na zinaweza kupangwa. Kosa la kwanza ambalo vijana wengi hufanya ni kuanza na sayari: wanasema wanataka kufika Mwezini au Mirihi, kisha wanakwama, kwa sababu hakuna shule inayofundisha "kwenda Mwezini". Aliyefanikiwa katika kazi hii mara nyingi alianza na ufundi mmoja, akaujua hadi mwisho, na ufundi huo ndio uliombeba. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: kijana achague ufundi. Sayari itachaguliwa na wale watakaomwajiri.

Kazi yenyewe

Vyombo vya uchunguzi wa anga hufanya mambo matatu: hupima, huchimba, au hugeuza kitu kimoja kuwa kingine. Hilo la tatu ndilo linaloitwa matumizi ya rasilimali za huko huko. Sababu yake ni uzito. Kila kilo inayotoka duniani huhitaji fueli nyingi kuinyanyua, kwa hiyo ni nafuu kutumia kilichopo unakokwenda.

Mwezini kuna barafu kwenye mashimo ya ncha ya kusini ambayo hayajapata jua kwa muda mrefu mno. Oktoba 2009 chombo cha Marekani, LCROSS, kilipiga kwa makusudi shimo la Cabeus, na katika vumbi lililoruka wanasayansi wakakuta maji. Kila kilo 9 za maji zikitenganishwa kwa umeme hutoa kilo 8 za oksijeni na kilo 1 ya haidrojeni, na viwili hivyo pamoja ni fueli ya roketi. Hata mahali pasipo na barafu, udongo wa Mwezi una oksijeni ya asilimia 40 au zaidi ya uzito wake, iliyofungwa ndani ya madini. Mojawapo ni ilmenaiti, mchanganyiko wa chuma, titani na oksijeni. Madini hayohayo yalichimbwa Kwale, pwani ya Kenya, kuanzia 2013 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Mtu aliyejifunza Kwale jinsi ya kutenga ilmenaiti na mchanga tayari ana sehemu ya elimu inayotafutwa kwa ajili ya Mwezi.

Ufundi wa kupima

Wanunuzi wa koltani wa Bukavu hawakisii. Wana kifaa cha mkononi ambacho huelekezwa kwenye mchanga mweusi, na baada ya sekunde chache kioo chake huonyesha asilimia ya tantalamu. Kifaa hicho hurusha miale ya eksirei. Kila elementi ikipigwa na miale hiyo hurudisha miale yake yenyewe, yenye nishati inayoitambulisha, na kifaa husoma nishati hiyo. Kwenye mkono wa Perseverance kuna PIXL, kifaa kinachofuata kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mwale wake una upana wa takriban milimita 0.12, hivyo huweza kuchora ramani ya kemia ya jiwe punje kwa punje. Timu ya PIXL iliongozwa na mwanamke, mwanajiolojia Abigail Allwood, na wasichana wa Mboko wanaoambiwa kwamba mawe na mashine ni mambo ya wavulana wanapaswa kulijua jina hilo.

Kijana anayeishi karibu na biashara ya madini ana darasa ambalo wanafunzi wengi wa Ulaya hawana. Akipata nafasi ya kusimama karibu na mpimaji, aulize maswali ya kihandisi. Kwa nini kifaa husawazishwa kwanza kwa sampuli ambayo jibu lake linajulikana? Kwa nini mchanga wenye unyevu husoma tofauti na mkavu? Mchanga uleule ukipimwa mara tano, majibu yanatofautiana kiasi gani? Anayeelewa maswali hayo matatu ameelewa kiini cha kazi. PIXL nayo ilipelekwa Mirihi pamoja na sampuli zake za kujisawazisha, kwa sababu huko hakuna maabara ya pili ya kuuliza.

Ufundi wa kuchimba

Hapa ndipo penye mafunzo makali zaidi. Mwaka 2018 chombo InSight kilitua Mirihi kikiwa na msumari wa kujipigilia wenyewe, uliotengenezwa Ujerumani, uliokusudiwa kushuka hadi mita 5 na kupima joto la ndani ya sayari. Wahandisi walihangaika nao karibu miaka miwili. Januari 2021 waliacha. Msumari wa sentimita 40 ulikuwa umezama wote, lakini ncha yake ya juu ilikuwa sentimita mbili au tatu tu chini ya uso wa ardhi. Mashine haikuharibika. Udongo ndio uliokuwa tofauti na ule waliojaribia duniani: haukuubana msumari pembeni, na bila msuguano huo kila pigo lilikuwa linaurudisha juu.

Mchimbaji yeyote wa Fizi ataelewa mara moja. Udongo una tabia, na anayeudharau hupoteza shimo. Mhandisi wa uchimbaji wa angani huanza kwa kusoma udongo: ukubwa wa punje, unavyoshikamana, unavyobomoka, pembe ambayo lundo lake husimama bila kuporomoka. Hayo yanaweza kupimwa Mboko kwa rula, mizani, ungo na kipimapembe cha shule.

Halafu kuna suala la uzito. Mwezini kila kitu huwa na sehemu moja tu ya sita ya uzito wake wa duniani. Mashine nyepesi ikisukuma kekee chini, yenyewe huinuka. Wahandisi wa NASA kule Florida walijibu tatizo hilo kwa mashine iitwayo RASSOR, yenye mapipa mawili ya kuchotea, moja mbele na jingine nyuma, yanayozunguka kwa kupingana. Nguvu ya moja hufuta nguvu ya jingine, na mashine hubaki chini. Kuosha dhahabu nako kungeshindikana kule, kwa sababu hutegemea maji mengi na uzito wa kawaida. Mahali pa maji pangechukuliwa na sumaku au umeme tuli, ambavyo vinaweza kutenga punje kavu. Mwanafunzi wa Misisi au wa mji wa Baraka anayetaka mada ya utafiti wa chuo tayari anayo: jinsi ya kutenga madini mazito na mchanga bila tone la maji. Jibu lake lingesaidia hata wachimbaji wa kwao wakati wa kiangazi.

Ufundi wa umeme na vifaa vidogo

Helikopta Ingenuity ilipaa Mirihi kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021. Ilipangiwa safari 5, ilifanya 72. Kompyuta iliyoiongoza ilitumia prosesa ya aina ya simu za mkononi, Snapdragon 801. Kijana anayetengeneza simu kwenye kibanda sokoni Baraka, anayejua kufuatilia mkondo wa umeme kwenye bodi hadi aione kapasita iliyokufa, hayuko mbali na kazi hii kama anavyofikiri. Anachokosa ni nadharia na kumbukumbu za maandishi, na hivyo viwili hufundishika.

Zipo tofauti ambazo lazima azijue mapema. Bati safi, linalotokana na kasiterite, huota vijinywele vyembamba vya metali kadiri miaka inavyopita, na kijinywele kimoja kinaweza kuunganisha nyaya mbili zisizopaswa kugusana. Simu nyingi za leo hulehemiwa kwa bati lisilo na risasi, kwa sababu Ulaya ilizuia risasi katika vifaa vya umeme tangu 2006 kwa ajili ya afya. Vyombo vya angani huenda kinyume: bati huchanganywa na risasi ili vijinywele visiote. Koltani nayo huingia kwa njia mbili. Tantalamu hutengeneza kapasita ndogo zinazodumu, na niobi, ndugu yake katika jiwe lilelile, huchanganywa na metali nyingine kutengeneza bomba za injini za roketi zinazostahimili joto kali.

Ufundi wa joto na ombwe

Huu hauvutii vijana, na ndiyo sababu wataalamu wake hutafutwa. Hewa hupoza vitu bila sisi kujua. Mota inayofanya kazi bila shida Baraka ikiwekwa mahali pasipo na hewa inaweza kuungua, kwa kuwa joto halina pa kwenda ila kupitia chuma inachogusa au kwa miale. Gundi ya kawaida na baadhi ya plastiki hutoa mvuke kwenye ombwe, na mvuke huo huganda juu ya lenzi. Kwa hiyo kila gundi na kila plastiki hupimwa kwanza: kanuni inayotumika sana inataka isipoteze zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake ikipashwa moto ndani ya ombwe. Grisi nayo haifai kila mahali. Mara nyingi hutumika unga mkavu wa molibdeni na salfa.

Bei ya kupuuza mambo hayo inajulikana. Kipima tetemeko cha InSight, SEIS, kilichosimamiwa na shirika la anga la Ufaransa, CNES, kilihitaji ombwe kamili ndani ya tufe lake. Mwishoni mwa 2015 ilionekana kwamba tufe lilikuwa linavuja kidogo. Chombo kilichopangwa kuruka Machi 2016 kikasubiri hadi Mei 2018, kwa sababu nafasi nzuri ya kwenda Mirihi hurudi kila baada ya miezi 26. Baada ya kurekebishwa, kipima hicho kilisikia zaidi ya matetemeko 1,300 ya Mirihi.

Wakazi wa bonde la Tanganyika wanayajua matetemeko. Lile la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilitokea chini ya ziwa lao wenyewe. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kimekuwa kikifuatilia matetemeko ya eneo hili kwa miongo mingi. Kijana anayetafuta mahali pa mafunzo ya vitendo ndani ya Kivu Kusini aanze kubisha hodi hapo.

Kuanzia nyumbani, bila kusubiri

Mwanafunzi wa sekondari wa Mboko anahitaji vitu vinne: hesabu, daftari, multimita na swali moja linalopimika.

Hesabu haina njia ya mkato. Aljebra, trigonometria, na baadaye hesabu za mabadiliko ambazo shule za Kongo hufundisha kwa Kifaransa kama dérivées na intégrales, ndizo zitakazoamua kama ataingia chuo cha uhandisi. Aliye katika masomo ya math-physique asikubali kuvuka mwaka akiwa na shimo katika somo hilo. Afadhali likizo ikatwe kwa mazoezi.

Swali linalopimika liko juu ya paa. Nyumba nyingi hutegemea pano za sola, na barabara ya taifa namba 5, inayotoka Uvira kupitia Mboko kwenda Baraka, hutimua vumbi jingi kiangazi. Vumbi ndilo lililoiua InSight: Desemba 2022 pano zake zilikuwa zimefunikwa kiasi cha kushindwa kuchaji betri. Kijana achukue pano mbili ndogo zinazofanana, za wati 10 au 20, ambazo mkondo wake hauzidi uwezo wa multimita. Aziweke kwa pembe moja, moja akiifuta kila asubuhi na nyingine akiiacha. Kila siku saa sita mchana apime mkondo wa kila pano na kuandika tarehe, saa, hali ya mawingu na namba. Baada ya msimu mmoja atakuwa na grafu inayoonyesha vumbi la Mboko linakula asilimia ngapi ya umeme. Kazi hiyo ni halisi. Inaweza kusomwa na mwalimu wa chuo popote duniani, na itasema mengi juu ya kijana huyo kuliko barua ya kujisifu.

Swali jingine liko ufukweni. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuingia majumbani, Uvira ikiwa miongoni mwa miji iliyoumia. Setilaiti hupima kimo cha ziwa hili kwa kurusha wimbi la rada na kuhesabu muda linaochukua kurudi, na matokeo yake hutolewa bure kwenye intaneti. Kikundi cha wanafunzi kikisimika nguzo yenye alama za sentimita mahali salama, kikaisoma kila siku saa ileile, kinaweza kulinganisha namba zake na za setilaiti. Wataalamu hufanya hivyohivyo ili kujua kama chombo kilicho angani kinasema kweli.

Kuhusu daftari, kuna mazoea mawili ya kujengwa tangu siku ya kwanza. La kwanza ni kuandika kipimio karibu na kila namba. Septemba 1999 Marekani ilipoteza chombo Mars Climate Orbiter kwa sababu timu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama vipimo vya metriki. La pili ni kuandika kiasi cha shaka: volti 12.4, kuzidi au kupungua 0.1. Msomaji makini hamwamini mpimaji asiyejua shaka yake.

Akifikia kuwa na kompyuta, programu nyingi za kazi hii ni za bure: KiCad ya kuchora bodi za umeme, FreeCAD ya kuchora vipande vya mashine, lugha ya Python ya kuchambua namba. F Prime, programu iliyoendesha Ingenuity, imewekwa wazi kwa yeyote kuisoma. Data za PIXL na SEIS pia ziko wazi. Asiye na intaneti ya kutosha anaweza kupakua anavyovihitaji kwa siku moja akienda Uvira au Bukavu na kurudi navyo kwenye flashi.

Njia za masomo

Ndani ya nchi, anayependa mawe na udongo aangalie jiolojia katika Université Officielle de Bukavu. Anayetaka uchimbaji, metalujia au umeme na mashine aangalie kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, jiji ambako migodi iko mlangoni. Mhandisi wa metalujia aliyeiva Lubumbashi tayari anajua sehemu ya kazi ya Mwezini ambayo wengi waliosomea roketi hawaijui.

Ng'ambo ya mpaka, Kigali ina Carnegie Mellon University Africa, inayotoa shahada za uzamili za umeme na kompyuta, na taasisi ya AIMS ya sayansi za hesabu. Nairobi ina historia ya karibu zaidi na vyombo vyenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliunda 1KUNS-PF, setilaiti ndogo iliyoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 11 Mei 2018, na Kenya ikarusha Taifa-1 tarehe 15 Aprili 2023.

Mfano wenye mafunzo zaidi kwa Mkongo ni wa Uganda. Wahandisi watatu vijana, ambao nchi yao haikuwa na setilaiti wala karakana ya kuiundia, walipelekwa Japani kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu. Huko walijenga kwa mikono yao PearlAfricaSat-1, iliyoruka tarehe 7 Novemba 2022. Taasisi hiyohiyo, kwa ushirikiano na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga, ina mpango wa ufadhili wa shahada za juu za setilaiti ndogo uitwao PNST, unaolenga nchi ambazo bado hazijajenga uwezo huo. Nafasi ni chache kila mwaka. Anayemaliza shahada ya kwanza aanze kuandaa maombi mwaka mzima kabla.

Mkongo ana faida moja asiyoihesabu: Kifaransa. Toulouse ni mji mkuu wa anga wa Ulaya, na huko ndiko ilikotengenezwa sehemu ya SuperCam, jicho la leza la Perseverance. Luxembourg, inayotumia Kifaransa pia, ilitunga sheria ya rasilimali za angani mwaka 2017 na ina kituo cha utafiti wa jambo hilo. Kiingereza hata hivyo hakikwepeki, kwa sababu ripoti na vipimo vingi huandikwa kwa lugha hiyo. Kwa anayelenga matumizi ya rasilimali moja kwa moja, Colorado School of Mines ya Marekani ilianzisha mwaka 2018 masomo ya uzamili ya rasilimali za angani, na sehemu yake husomwa kwa mtandao.

Makaratasi huangusha wengi kuliko mitihani. Familia za Fizi zimekimbia mara nyingi, na mara nyingi diploma ilibaki kwenye nyumba iliyochomwa. Mwenye matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa, na vyeti vya miaka miwili ya mwisho avipige picha safi, avitume kwa barua pepe yake mwenyewe, na nakala nyingine aiweke kwa ndugu wa mbali. Atafute pasi ya kusafiria kabla ya kupata ufadhili, kwa kuwa nafasi haisubiri. Na asimlipe mtu wa kati anayedai kuuza nafasi ya masomo.

Walio Marekani tayari

Tangu 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa hadi Kigoma, wengi wakaishi kambi ya Nyarugusu, na wengi wao baadaye wakapelekwa Marekani. Watoto wao sasa wako vyuoni kule, na baadhi huambiwa kwamba kazi za anga si za wakimbizi. Hapa wanahitaji kujua sheria.

Teknolojia ya anga ya Marekani inalindwa na kanuni ziitwazo ITAR, zinazozuia wageni kuiona bila kibali. Lakini kanuni hizo humhesabu kama "U.S. person" raia, mwenye ukazi wa kudumu, na pia aliyepokewa rasmi kama mkimbizi au kupewa hifadhi. Agosti 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki kampuni ya SpaceX ikidai iliwabagua wakimbizi katika ajira. Kampuni ilikanusha, na mapema 2025 wizara yenyewe iliiondoa kesi hiyo. Kesi imekwisha, ila maana ya maneno hayo ndani ya kanuni ni ileile. Kijana akisoma tangazo linalotaka "U.S. person", asijiondoe mwenyewe, aulize ofisi ya ajira kwa maandishi. Panapoandikwa "U.S. citizen", kama ilivyo kwa ajira za serikali za NASA, hapo lazima awe raia, na kwa hiyo maombi ya uraia yasicheleweshwe hata siku moja baada ya kustahili.

Kwa nini Wakongo wawemo

Kongo ilishaguswa na anga bila kushiriki. Mwaka 1976 serikali ya Mobutu iliipa kampuni ya Kijerumani, OTRAG, eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, mkoa ambao sehemu yake ya kaskazini, Tanganyika ya leo, inapakana na Fizi kwa kusini. Roketi tatu zilirushwa kutoka Kapani Tonneo mwaka 1977 na 1978. Mwaka 1979 kazi ilisimamishwa kwa shinikizo la kisiasa la nje. Ardhi ilitolewa, lakini hakikubaki chuo hata kimoja cha kufundisha wenyeji ufundi huo.

Miongo mitatu baadaye Mkongo mwenyewe, Jean-Patrice Keka, alirusha roketi za Troposphere kutoka Menkao, mashariki ya Kinshasa. Ile ya 2009 iliyobeba panya ilipotea njia. Hata hivyo ilichorwa, ikaungwa na kujaribiwa na Wakongo, na matokeo yake yalibaki mikononi mwao.

Sheria za mali za angani zinaandikwa sasa. Mkataba wa anga wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kuumiliki Mwezi. Sheria ya Marekani ya 2015 na ile ya Luxembourg zinaruhusu kampuni kumiliki inachochimba huko. Mjadala kati ya misimamo hiyo utahitaji watu wanaojua maana ya madini kuondoka na utajiri kutobaki, na wanaojua pia mashine inavyofanya kazi. Mtu mwenye vyote viwili anaweza kulelewa Mboko.

Kwa hiyo ombi liwe la mwaka huu wa masomo. Mwalimu wa fizikia achague swali moja la kupimwa na darasa lake, liwe la vumbi la sola au la kimo cha ziwa, na daftari lake lihifadhiwe shuleni. Mzazi amwachie binti yake saa za hesabu kama anavyomwachia mwanawe wa kiume. Na ndugu aliye Marekani, Kanada au Ulaya, anapotuma pesa za nyumbani, aongeze safari hii multimita mbili na kitabu kimoja cha hesabu kwa shule aliyosoma.